Sheria ya Barabara ya Verna

Verna Kuykendall alipika katika jiko la shule yetu miaka thelathini, na kwa mdomo hakuwa na mpinzani magharibi yote ya Texas. Msichana akipata mimba asiyoitarajia, Verna ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na nepi, kitanda cha mtoto na pai ya pichi. Nasema hili mapema msije mkadhani alikuwa mnafiki. Alichokisema alikiamini kwa moyo wote, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo.

Jimbo lilipopiga marufuku kutoa mimba, yeye hakuridhika. Wanawake walikuwa bado wakipita kwenye barabara zetu kwenda New Mexico, jimbo jirani linaloruhusu. Akazunguka nyumba hadi nyumba akikusanya saini za kudai sheria ya kaunti: anayempakia mwanamke kwenda kutoa mimba, akipita ndani ya kaunti yetu, jirani yeyote aweze kumshitaki. Saini yangu ilikuwa ya tatu.

Kwenye kikao cha kaunti, mfugaji mmoja asiyeishiwa vijembe, Hollis, akamchokoza.

"Hebu tuambie, Verna, haki ya mtu inatoka wapi? Jikoni kwako?"

"Kwa Mungu, we mzee! Si kwa jaji, si kwa kura. Na mtu anayo tangu siku mimba inapotungwa."

"Na mama mtu je? Yake ameiweka wapi?"

"Anayo. Ila asubiri zamu yake."

Tulicheka, tukapiga makofi. Sheria ikapita.

Mwaka uliofuata Charla, binti wa Verna wa miaka ishirini na tisa, alipasukiwa chupa ya uzazi mimba ikiwa ya wiki kumi na saba. Hospitalini wakamwambia mtoto hawezi kupona, lakini moyo wake bado unapiga, kwa hiyo kisheria hawagusi kitu. Arudi akipata homa. Damu zilikuwa zinamtoka, hawezi kushika usukani, akanipigia mimi jirani yao.

"Shangazi Oleta, una pikapu. Nifikishe New Mexico, nakuomba. Ni mwendo wa saa tatu tu."

Nilimkuta amekaa barazani kwa mama yake, begi mapajani. Verna akatoka na aproni yake.

"Oleta, shoga yangu, ukimpakia huyo, Jumatatu tunaonana mahakamani."

"Verna, huyu ni mwanao!"

"Na aliye tumboni ni mjukuu wangu. Moyo wake unapiga."

"Na wangu, mama?" Charla akauliza. "Wangu haupigi?"

"Wako umepiga miaka ishirini na tisa. Mwache mwenzio naye apate siku zake."

Nilikuwa na funguo mkononi. Nikaifikiria nyumba niliyoachiwa na marehemu mume wangu, nikaogopa kesi itaimeza. Nikamwambia Charla tungoje kesho. Akabeba begi lake, akaingia ndani. Mimi nikaenda kumwagilia nyanya zangu. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Homa ilikuja kesho yake, Jumatano, akarudishwa hospitalini. Moyo wa mtoto ulisimama Alhamisi asubuhi, ndipo madaktari wakaanza kazi. Charla alifariki Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya mazishi Verna alinifuata jikoni kanisani, nikiosha sahani. Macho yake yalikuwa makavu.

"Ungempakia tu," akasema. "Kwa nini hukumpakia?"

"Ungenishitaki, Verna."

Akachukua sahani moja, akaifuta. Hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Ningekushitaki," akasema. "Lakini mwanangu angekuwa mzima."