Donda Ndugu la Bibi

Nilipokuwa mtoto, pale Mkolani, niliamini kwamba kidonda kinasikia watu wanavyosemana. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na kovu la kuungua mguuni, la tangu usichana wake, na mwaka ule likafumuka, likawa kidonda kisichotaka kufunga. Ukimuuliza anaumwa nini, alijibu ni donda ndugu, na donda ndugu haliponi mpaka ndugu waliokosana wapatane.

Ndugu wenyewe tuliwajua: baba, na baba mdogo aliyekaa Ilemela. Walinuniana tangu matanga ya babu, kisa dume la ng'ombe lililochinjwa bila kuulizana. Isitoshe, baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, na baba mdogo ananunua sangara kwa ajili ya viwanda vipya vya minofu ya samaki, basi kiburi kikajaa pande zote mbili.

Daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti, tena mapema. Baba akakubali. Baba mdogo akatuma neno kwamba mama yake hakatwi kama kuni, amepata mganga huko Magu. Wiki zikapita, kila mmoja akimlaumu mwenzake akiwa kwake, na mguu unanuka. Nililala na bibi chumba kimoja. Nilimpenda mno, na niliogopa atakufa wakati wanabishana.

Mwishowe bibi akatoa amri: haendi hospitali wala kwa mganga mpaka wanawe wale sahani moja mbele yake.

Walikuja Jumapili. Mama alisonga ugali, akaunga sato. Wanaume wazima wale wakanawa kwenye bakuli moja, wakala bila kutazamana, kila mtu akimega upande wake polepole, wasije wakakutana katikati. Vidole vikagongana kwenye kichwa cha samaki. Baba akamsukumia mdogo wake.

"Kula wewe. Ndicho ulichokuwa unatulilia tangu utoto."

Baba mdogo akacheka, kisha akafuta macho kwa kiwiko. Bibi akawaacha wamalize.

"Mguu ni wangu," alisema, "na nataka ukatwe. Ninachouliza, nani atanibeba?"

Wakajibu kwa pamoja.

Walimbeba kweli, kwa zamu, mpaka chooni. Mguu ulikatwa na mshono ukapona vizuri, ila ugonjwa ulikuwa umeshapanda mapafuni. Siku moja, nikimkanda mgongo, nilimlalamikia: mbona wamepatana na bado anaumwa?

"Daktari aliniambia peke yangu ni kansa, tangu mwanzo, mjukuu wangu. Ningewaambia kansa, wangekuja kulia. Nikawaambia donda ndugu, wakaja kula."

Nimekuwa mtu mzima, nimeuguza wangu, na bado sijui kama bibi hakuliamini lile donda ndugu hata kidogo. Ninachojua ni kwamba alikata roho mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa baba na mguu wake mmoja mikononi mwa baba mdogo, na hakuna aliyemwambia mwenzake asogee.