Karatasi za Herufi Kubwa Tupu

Mimi ni mwoga, niseme mapema. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, naogopa mtu akinyamaza sana. Lakini kitu nilichokiogopa kuliko vyote, tangu nianze kazi ya kuchapa hapa Kasongo, kilikuwa kumwandika Mungu kwa herufi ndogo.

Hofu hiyo alinipa papa, baba yangu mzazi. Alikuwa katekista wa vikanisa vya upande wa Wamaza, na kila mwezi aliniletea masomo ya misa aliyoyageuza mwenyewe kwa Kibangubangu, yameandikwa kwa mkono, nimchapie. Nikimaliza alipitia kila mstari kwa ukucha. Mungu, Bwana, hata lile neno dogo linalomtaja bila jina, vyote vilitaka herufi kubwa mwanzoni. Akikuta ndogo hakugomba. Alivua miwani, akaniangalia, nami nikachapa ukurasa upya.

Mashine yangu ni ya zamani, ya kugonga kwa vidole, haitaki umeme. Mwaka ule kitufe cha herufi kubwa kililegea. Kila nikikibonyeza, herufi ilipanda nusu, ikakaa juu ya mstari imekatika miguu. Papa akaona jina la Mungu limekatwa hivyo, akasema, "Hapana, mwanangu. Afazali usiandike." Fundi alikuwa amesafiri. Ila kulikuwa na kitufe kingine, cha kufunga herufi kubwa moja kwa moja, nacho kilikuwa kizima. Nikakifunga, nikachapa masomo yote ya Majilio kwa herufi kubwa tupu, neno la kwanza hadi la mwisho, ili jina la Mungu lisikatwe popote. Nilijiona mwerevu kweli. Papa alitabasamu, akatia karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, na alfajiri akapanda baiskeli.

Akili yangu ilikuwa wapi, sijui. Miezi ile, kule Kabambare, njia hiyo hiyo ya Wamaza, watu walikuwa wanaokota karatasi za vitisho milangoni, kutoka kwa wenye silaha wa porini. Karatasi hizo zote zilikuwa za herufi kubwa tupu, bila jina wala sahihi, maana aliyeziandika hakutaka mwandiko wake ujulikane. Ikiokotwa asubuhi, jioni watu wako njiani na magodoro kichwani. Kila mtu alijua jambo hilo, na mimi nilikuwa nalijua.

Saa nne ya asubuhi ile ile dereva wa pikipiki akasimama mbele ya meza yangu. "Mama, papa yako bamemushika ku bariera, mbele ya kufika Wamaza. Banasema iko anabeba barua za batu ba pori."

Nikaifunga mashine ndani ya kitenge, nikaipakata mapajani, tukaondoka. Niliona nikiwaonyesha mashine wataelewa. Njia nzima nilikuwa naomba, na sikumbuki hata neno moja la nilichoomba.

Papa alikuwa ameketi chini, bila viatu, mikono imefungwa nyuma. Baiskeli yake ilikuwa imelala majanini. Komanda wa wanajeshi waliofunga njia pale, mtu mpole wa sauti, alikuwa ameshika karatasi zangu.

"Weye njo uliandika hii?"

"Ni mimi, papa komanda. Ni masomo ya misa. Na mashine ni hii."

Akaniambia nichape mstari mmoja. Nikachapa nimepiga magoti. Akalinganisha, akaonyesha wenzake, wakaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Mashine haikutuondolea kosa hata kidogo. Ilikuwa imethibitisha tu kwamba karatasi zimetoka nyumbani kwetu.

"Vizuri," akasema. "Sasa njo tunajua mwenye kuandika. Hapa hakuna mutu anajua hii luga. Unisomee, na unigeuzie mu Kiswahili. Polepole."

Akanipa ukurasa wa kwanza. Nikasoma Kibangubangu mstari mmoja, kisha nikaona kinachofuata. Somo lilikuwa lile la kukesha: mwenye nyumba hajui mwizi atakuja saa gani, basi kaeni macho, kwa maana atakuja wakati msiodhani. Niligeuze hivyo, mbele ya watu wenye bunduki wanaongoja kushambuliwa? Nilimwona papa maiti. Nilimwona wazi, jinsi alivyolala.

Nikasema uongo. Nilisoma neno la Mungu kwa lugha ya papa, sawasawa, kisha nikaligeuza kwa Kiswahili kuwa jambo lingine kabisa: bwana mmoja alisafiri, anarudi nyumbani, na watumishi wafagie uwanja na kupika, maana anarudi na zawadi. Mwizi nilimfuta. Hatari yote niliifuta. Niliogopa mmoja wao asije akawa anaelewa, na niliogopa zaidi kutazama pale chini, kwa papa, ambaye alikuwa anasikia lugha zote mbili.

Komanda akamgeukia. "Muzee, iko vile binti yako anasema?"

Papa hakuwahi kudanganya. Hata mama akimwuliza kama mboga ina chumvi ya kutosha, alisema kweli, na mama akanuna. Nilijua angeweza kufa kwa ajili ya somo lile. Akaniangalia.

"Iko vile," akasema.

Wakamfungua. Wakatuachia baiskeli na mashine, karatasi wakabaki nazo. Pikipiki ilikuwa imeshaondoka, tukarudi kwa miguu hadi kijiji cha kwanza, yeye anasukuma baiskeli, mimi nyuma. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Uliniponyesha, mwanangu. Si kosa lako."

Siku iliyofuata alikwenda kwa padri, akamrudishia ufunguo wa kikanisa na kitabu cha ubatizo. Padri alimbembeleza sana, akamwambia hofu si dhambi. Papa alikataa. Alisema mtu aliyekana somo mbele ya watu hawezi kusimama kuwasomea wengine. Tangu hapo anaketi benchi la mwisho, karibu na mlango, na mwingine akisoma yeye anainamisha kichwa.

Kila Siku ya Mungu, yaani Jumapili, namwona pale nyuma, na moyo unaniuma, kwa sababu nilimrudisha akiwa hai nikamnyang'anya kazi aliyoipenda. Na wakinisimamisha tena pale barabarani, nitasema uongo ule ule.