Maili Mia Moja na Sitini za Kaimu Chinguile

Nyumbani kwa Kaimu Chinguile, kijijini Marambo karibu na Nachingwea, kuna baiskeli nyeusi iliyoegemezwa ukutani bila magurudumu. Magurudumu yenyewe yametundikwa darini, yamefungwa kwa kamba ya mkonge. Kaimu haiuzi, haiazimishi, wala haipandi. Akiitwa msibani Ruangwa anakwenda kwa miguu.

Aliipata mwaka 1949, wakati wa mpango wa Waingereza wa kulima karanga, Nachingwea ilipojaa matrekta na watu wa makabila yote. Yeye hakung'oa visiki. Alikuwa tarishi, akipeleka barua kutoka kambi hadi kambi, na baada ya mwaka mmoja alijua mteremko gani unavunja breki na mchanga gani unamtaka mtu ashuke. Mpango ulipofungwa alirudi kwenye jembe, lakini ile kazi haikumwacha. Palipotokea msiba, harusi au mgonjwa, watu wa Marambo walisema, "Mwiteni Kaimu." Alifunga kanzu kwenye karia akaondoka. Kwa miaka miwili hivi, kutoka Nachingwea mpaka ng'ambo ya Ruangwa, habari nyingi zilifika kwa miguu yake.

Julai 1953 habari ilikuwa yake mwenyewe. Binti yake Zuena, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akikata nyasi kwenye mashamba yaliyoachwa akakanyaga kipande cha sahani ya plau la trekta, chenye kutu, kilichofukiwa mchangani. Kidonda kilifungwa majani. Siku ya kumi mguu ulikuwa mweusi hadi juu ya kifundo. Kaimu na mkewe Mwanne walimpeleka hospitali ya misheni, maili kumi kutoka Nachingwea, na Jumatatu jioni sista aliyekuwa daktari akawaambia mguu ukatwe chini ya goti.

"Mwisho Alhamisi," alisema. "Baada ya hapo sumu itakuwa imepanda, sitaweza tena."

Mwanne alikataa kuweka dole gumba kwenye karatasi, na Kaimu hakumlazimisha. Kwa Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa homa hospitalini bila mjomba kuarifiwa, na mjomba huyo, Amri, kaka yake Mwanne, alisimama mbele ya ndugu wote akasema hilo lisirudiwe. Amri aliishi Nandagala. Jumanne alfajiri Kaimu alipanda baiskeli kwenda kumchukua. Alihesabu maili hamsini kwenda na hamsini kurudi. Jumatano jioni, au Alhamisi asubuhi kabisa, angekuwa amerudi naye, Amri amekaa kwenye karia.

Kabla ya kuingia Ruangwa tairi la nyuma lilipata pancha. Alisukuma baiskeli mpaka kwa Fidelis, fundi baiskeli, Mngoni aliyeletwa na karanga akaoa hapo hapo. Wangoni na Wamwera ni watani tangu vita vya mababu zao, na Fidelis hakuwahi kumpa Kaimu salamu ya kawaida hata siku moja.

"Aa, mateka wetu! Nani amekufungua kamba?"

"Mtani, sina muda. Nizibie nende."

"Babu yako naye hakuwa na muda. Alimwacha bibi yako mlimani akakimbia na jogoo."

Wanaume waliokaa kibarazani wakacheka. Kaimu alisema anamfuata shemeji yake Amri, Zuena yuko hospitali, mguu unaoza. Fidelis akaacha kusugua tyubu.

"Amri? Amri kapita hapa leo asubuhi. Kapanda lori la mbao linalozungukia msituni, anakwenda huko huko hospitali, kasema nikikuona nikugeuze. Geuza baiskeli."

"Na mwaka jana mama mkwe wangu alikuwa amekufa."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mwaka uliopita Fidelis alimpa Kaimu taarifa ya msiba wa mama mkwe, na Kaimu akapiga pedali analia mpaka Nandagala, akamkuta bibi anatwanga. Soko la Ruangwa lililicheka jambo hilo mwezi mzima.

"Ule ulikuwa utani. Leo si utani."

"Siku ile nayo ulisema si utani."

"Haki ya Mungu, Kaimu."

"Uliapa vilevile."

"Hata mimi nimemwona Amri," akadakia mmoja kibarazani.

"Mimi nimemwona kapanda tembo," akasema mwingine, na vicheko vikaanza upya.

Fidelis hakucheka. Alirudisha tairi, akajaza upepo, akashika usukani kwa mikono miwili. "Kaimu. Geuza baiskeli."

Baadaye Kaimu alikumbuka kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza Fidelis kumwita kwa jina lake. Wakati ule alimtoa mikono kwenye usukani, akapanda, akashika njia ya Nandagala.

Alifika jua likizama. Mama mkwe, Bi Mwamina, aliongea naye kutoka nyuma ya ukuta, kwa kuwa mkwe hatazamwi usoni.

"Amri yuko bondeni, Mbwemkuru. Analima mahindi ya kiangazi. Hajarudi tangu mwezi uandame."

"Hajapita hapa jana wala leo?"

"Apite hapa asile kwangu?"

Kwa Kaimu hilo lilimaliza shaka. Amri yuko mtoni, na Mngoni ni mwongo. Zilibaki maili thelathini. Akifika Jumatano mapema, akampakia shemeji na kukanyaga bila kulala, Alhamisi jioni ingewakuta hospitalini. Ilikuwa bado Alhamisi.

Njia ya kwenda Mbwemkuru ilipanda na kushuka katikati ya vilima vyenye mawe. Alipita chini ya kilima ambako, kwa maneno ya wazee, Wamwera walijificha mapangoni Wangoni walipokuja kuteka. Mafiga yao yalikuwa bado yanaonekana kutoka njiani. Siku nyingine angesimama hapo akatafuta tusi la kumpelekea Fidelis. Alipita bila kuinua kichwa. Kwenye makorongo alibeba baiskeli begani. Breki ya mbele ilikatika, akawa anapunguza mwendo kwa kukanyaga tairi kwa kisigino mpaka ngozi ikatoka. Alipouona mto, mwembamba katikati ya mchanga mpana, jua lilikuwa limeshainama.

Kibanda cha Amri kilikuwa kimefungwa kwa fito. Jivu jikoni lilikuwa baridi. Jirani yake wa shamba, Mmakonde aitwaye Bernardo, alikuja na jembe mkononi.

"Amri kaondoka Jumatatu, jua halijachomoza. Mwuza samaki alimletea habari ya mtoto. Kapita njia ya mkato, ile ya miguu, inayotokea Ruangwa."

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Ruangwa? Hakupitia kwa mama yake?"

"Angepitaje Nandagala? Mkato hauendi huko."

Kaimu aliuliza mara ya tatu, akapewa jibu lile lile. Kisha akageuza baiskeli.

Alhamisi asubuhi mnyororo ulikatika karibu na Nandagala. Aliufunga kwa waya, ukakatika tena. Tyubu ya nyuma ilipasuka pasipo na kiraka, akajaza nyasi ndani ya tairi na kuendelea, sehemu nyingine amepanda, sehemu nyingi zaidi anasukuma. Alipofika Ruangwa duka la Fidelis lilikuwa limefungwa. Alijua nyumba yake ilipo, umbali wa kurusha jiwe, na ndani mlikuwa na mnyororo, tyubu na solusheni. Hakwenda kugonga. Aliona aibu. Alisukuma maili thelathini zilizobaki hadi Nachingwea, na kumi za mwisho, akafika hospitali Ijumaa alasiri.

Amri alikuwa amechuchumaa chini ya ukingo wa paa.

"Shemeji, ulikuwa wapi?"

"Kwako. Mbwemkuru."

"Mimi niko hapa tangu Jumanne jioni."

"Mguu umekatwa?"

Amri alitazama chini. "Baba yake yuko njiani ananitafuta, nami nimkate mtoto mguu hayupo? Mwanao angekufa mkononi mwangu, ningekuambia nini? Nilisema tukungoje. Nilijua utarudi Jumatano. Nilipopita Ruangwa nilidhani utanifuata, nikamwachia Fidelis ujumbe, nikamwambia akikuona akugeuze." Akainua macho. "Hukumwona?"

"Nilimwona," Kaimu akasema.

Dole gumba la Amri liliwekwa kwenye karatasi saa ile ile, na Mwanne, aliyekuwa amewasihi wanaume wawili kwa siku tatu mguu ukatwe, mmoja yupo na mwingine hayupo, akaenda kumshika mtoto mkono. Sista alikata juu ya goti. Alisema anajaribu tu. Zuena alifariki Jumapili.

Alizikwa Marambo Jumatatu. Fidelis alifika kwa baiskeli yake, mfuko wa zana umening'inia begani, na watu wakampisha, kwa sababu kazi ya mtani msibani inajulikana. Aliwapokonya wachimbaji jembe. Akalala kwenye njia ya kaburi akadai hapiti mtu mpaka apewe kuku. Kisha akasimama akatangaza kwa sauti ya sokoni:

"Mimi nilimwambia ageuze! Mmwera hasikii mpaka umfunge kamba!"

Watu walicheka, kama inavyotakiwa. Kaimu naye alicheka, kwa maana mfiwa asiyemchekea mtani amemtukana. Alicheka mpaka akakaa chini, na ilichukua muda kabla waliokuwa karibu hawajatambua kwamba hacheki tena.

Walipotawanyika Fidelis alikuja kukaa kando yake, mfuko wa zana katikati yao.

"Mtani," alisema kwa sauti ndogo, "siku ile ningesemaje ili uniamini?"

Kaimu alinyoosha mkono akamwomba spana, akaiendea baiskeli yake, akaanza na gurudumu la mbele.