Mkono wa Walii

Mimi ni fundi cherehani hapa Zinga, kando ya barabara ya Dar, na nikiri mapema kwamba nina hasira za karibu. Nguo ikikosewa kipimo naweza kuitupa uani, kisha nikaenda kuiokota mwenyewe. Kwa hiyo siku muuguzi mmoja alipoingia kwetu kwa mara ya kwanza na kuanza kumtukana kaka yangu, nilitoka na mkasi mkononi.

Kaka alikuwa na miezi minne hajatoka chumbani. Alianza kuumwa baada ya kufiwa na mkewe. Kwanza hakulala, kisha akawa anabishana na watu ambao sisi hatukuwaona, mwisho akafunga mlango na kunyamaza kabisa. Kabla hajajifungia tulishazunguka naye. Alinyweshwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, akasomewa, akapelekwa Mkange kwa mganga aliyekaa naye wiki tatu, akarudi amekonda tu. Sisemi kwa kumbeza mtu, maana kila aliyemgusa alimgusa kwa nia njema. Lakini mlango ulifungwa hivyo hivyo, chakula nikimpitishia dirishani, na bintiye nikamchukua nikamlea pamoja na wanangu.

Muuguzi huyo alitoka kituo cha afya, upande wa wagonjwa wa akili. Mama mnene, Msukuma, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliposikia sisi ni Wakwere alicheka mpaka akashika kiuno, maana Wakwere na Wasukuma ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema lolote bila wewe kukasirika. Akaomba kigoda, akakaa mbele ya mlango wa kaka.

"Kumbe humu kuna Mkwere! Ndiyo maana mchana kweupe kalala. Au umesikia ng'ombe wanapita, ukaogopa?"

Nikamwambia mgonjwa hatukanwi nyumbani kwangu. Akanijibu nirudi kwenye cherehani yangu, yeye anazungumza na mtani wake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumfukuza ndipo sauti ikatoka ndani, kavu, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Msukuma gani huyo anatembea bila ng'ombe? Wamekufukuza kwenu?"

Nilikaa chini pale pale. Miezi minne tulikuwa tukimsemesha kwa kumbembeleza au kwa kumkemea, hakuna aliyemtania. Kubembelezwa na kukemewa ni mambo ya mtoto. Yule mama alimsemesha kama mtu mzima anayeweza kujibu, naye akajibu. Alirudi siku ya tatu, na siku ya sita, kila mara na matusi mapya, mpaka kaka akafungua mlango ili ambishie vizuri.

Basi akaanza dawa. Baadaye ikawa sindano moja kila mwezi, siku ya Jumanne, na kaka akawa anakwenda mwenyewe kwa miguu. Akarudi shambani kwenye mihogo yake, akarudi msikitini. Mama yule alimfuatilia kwa miaka. Jumanne kaka akichelewa hata saa moja, simu yangu ililia. Dawa ilimwachia kitu kimoja tu kibaya: mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili.

Kaka alipona kuliko mimi. Mimi nilibaki na mazoea ya siku za mlango uliofungwa. Watu wakimuuliza habari zake, nilijibu mimi, naye amesimama hapo hapo. Kwenye vikao vya ukoo nilisema, "Sisi tumeamua," wakati sikumuuliza. Miaka saba nilikuwa mdomo wake, na yeye ni mkubwa wangu, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

Ndipo ikaja posa ya bintiye kutoka Ubena. Watu wema, wakulima kama sisi. Mambo yakaenda vizuri, na mimi kichwani nikajipanga kuwa walii, nimwozeshe mtoto niliyemlea. Nilishashona hata kanzu. Binti akaja dukani, akaniamkia, akasimama kando ya meza.

"Baba mdogo, nakushukuru kwa yote. Lakini baba yupo. Nataka aniozeshe baba."

Nilikwenda kwa sheikh wetu na swali langu, nikitumaini moyoni kwamba atasema haifai. Sheikh akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwezi. "Anaswali nyuma yangu kila siku na akili zake anazo. Wewe utamwozeshaje binti wakati baba yake yupo?" Nikarudi nyumbani.

Hofu yangu ilikuwa mkono. Walii akimwozesha binti yake hushikana mkono na bwana harusi mbele ya watu wote, wameelekeana, na maneno husemwa mikono ikiwa imeshikana hivyo hivyo. Watu wa Ubena hatukuwaambia habari za maradhi. Sisi tukimficha mgonjwa wa akili tunaita kumsitiri, na neno hilo zuri limetufanya tusijiulize tunamsitiri nani. Kichwani niliona wakwe wakiukodolea macho ule mkono, wakinong'onezana, ndoa ikivunjika pale pale na kaka akirudi chumbani kwake kufunga mlango.

Nikafanya nililofanya. Sindano iliangukia majuma mawili na siku tatu kabla ya nikaha. Nikamwambia kaka, "Mwezi huu acha, mkono utulie. Utachoma baada ya harusi." Akaniuliza kama mtani wake amekubali. Nikasema amekubali. Jumanne simu ikalia, nikamwambia yule mama kwamba kaka amekwenda Mkange kuwaalika ndugu.

Siku chache baadaye mkono kweli ulianza kutulia, nami nikajipongeza. Lakini usingizi ukapungua. Alfajiri nilimkuta ameshalima matuta mawili gizani. Halafu akazima redio yangu dukani, akaniambia kwa upole kwamba leo wanamtaja sana. Nilijua nilichokifanya, na bado sikupiga simu, kwa aibu tu.

Jumanne iliyofuata yule mama alikuja mwenyewe. Alimwona kaka nyuma ya nyumba na jembe lake. Akasimama mlangoni mwa duka.

"Mtani, kumbe Mkange imehamia hapa?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akavuta kiti, akaniambia nizime cherehani. Nikamweleza yote, mkono, wakwe, uongo wangu wa mara mbili. Nilitarajia anitukane, tena nilitamani anitukane. Akasema tu, "Sindano hii ungechomwa wewe," kisha akaenda kumwita kaka, akamkalisha katikati yetu. Akamuuliza anavyojisikia, mimi nikaanza kumjibia.

"Wewe nyamaza," mama akaniambia. "Nimemuuliza yeye."

Akamwambia kaka ukweli bila kuupamba. Akichoma leo, usingizi na utulivu huenda vikarudi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya nikaha, lakini hawezi kuapa. Mkono utarudi kutetemeka. Kuna vidonge vya kuupunguzia, ila hautaisha. Asipochoma, mkono utatulia, lakini yeye ameshaanza kuiona njia anayoelekea. "Unataka nini, mtani?"

Kaka aliutazama mkono wake kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma.

"Nataka kumwozesha mwanangu," akasema. "Mkono utetemeke."

Akachomwa siku ile ile. Mama akawa anapita kila jioni akitoka kazini, anakaa naye dakika chache, anamuuliza amelala saa ngapi, anamsema kwa mihogo yake myembamba. Siku nne za kwanza sikuona mabadiliko na niliswali kama mtu anayezama. Siku ya tano nilimkuta kaka amelala jua limeshatoka. Nilikaa kizingitini nikamsikiliza akikoroma.

Ijumaa, baada ya swala, tulikaa msikitini. Watu wa Ubena upande mmoja, sisi upande mmoja. Sheikh akasoma hotuba ya nikaha, akainua kichwa. "Walii wa binti ni nani?"

Nawaambia kweli, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Mazoea ya miaka saba.

"Nipo," kaka akasema. "Mimi ndiye baba yake."

Akasogea mbele, akamshika kijana mkono. Ukatetemeka. Ulitetemeka mpaka mkono wa kanzu ukawa unacheza. Baba wa bwana harusi, aliyekaa ubavuni mwangu, akaniinamia.

"Ndugu yako ana nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: homa, uchovu, uzee. Nikamtazama kaka pale mbele, hana pa kujificha na wala hatafuti.

"Aliugua akili," nikasema. "Anachoma sindano kila mwezi, yuko vizuri. Mtetemo huo ni wa dawa. Tulipaswa kuwaambia, na kosa ni langu."

Yule mzee aliendelea kuutazama ule mkono. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha akasema, "Dada yangu tulimficha hivyo hivyo mpaka akafa," akageuza uso mbele kusikiliza.

Kaka alisema maneno yote, polepole, neno kwa neno, ulimi mzito kidogo. Nimekuozesha binti yangu. Hakuruka hata moja. Kijana akajibu kuwa amekubali, na sheikh akainua mikono kuomba dua.

Watu wakasimama kupongeza. Kwa miaka yote ile, kwenye heri na kwenye msiba, mkono wa kwanza nilipewa mimi. Nilinyoosha wangu. Wakapita, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kwake, "Hongera, baba," naye akawapokea mmoja mmoja na ule mkono wake. Nilibaki nimenyoosha mkono hewani, nimepitwa, na nililia mbele ya wakwe bila kuona haya.