Makombora Kumi na Mawili ya Mpingo

Wewe ungechonga kombora?

Mzee Kasimiri, jirani yangu hapa Tegeta, amechonga. Ni Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago kwa miaka arobaini. Oda aliletewa na Revelian, mfanyabiashara wa vinyago. Nchi moja ya mbali imejaribu kombora jipya la masafa ya kati, na wakubwa wake wanataka mifano kumi na miwili ya mpingo, wagawie wageni.

Linafika kilomita elfu mbili. Nilipima kwenye ramani ya simu: mji anakofanya kazi za ndani binti wa Mzee, Recho, umo ndani ya masafa hayo. Mkataba wake umekwisha, anatakiwa arudi Jumamosi. Tangu siku ya jaribio hapatikani.

Nilimwendea Mzee nikiwaka.

"Baba Recho, vunja hivi vitu! Unawachongea wanaomlenga mwanao!"

"Siku hizi chuoni hawaamkii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nikilivunja hili, msomi, na lile la kweli litavunjika?"

Nikazidi kupiga kelele. Yeye alikuwa akilipaka kombora dawa nyeusi ya viatu, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Jioni Revelian akaja kukagua. Akaliinua moja.

"Mzee wangu, hili limepinda."

"Mpingo wenyewe umeota hivyo."

"Kombora halipindi! Mteja anataka yote pacha. Piga mstari kwanza, kama fundi seremala."

Kwa Mmakonde hilo ni tusi. Yeye hachori, huubana mti kwa nyayo, akaufuata unakokwenda. Nilingoja amfukuze.

"Haya," alisema.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa chini, kipande kipya cha mpingo kati ya nyayo, mstari wa chaki umepita katikati. Uani mkewe, Editha, alikuwa ameanika godoro la Recho. Simu ikaita. Mzee akaweka spika, mkono mmoja bado kwenye tezo.

"Baba, ndege zimesimamishwa. Hawasemi mpaka lini."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, mama."

Simu ikakatika. Nilikuwa na hotuba nzima kooni. Mzee hakuniangalia.

"Editha," aliita, "godoro lirudishe ndani."

Editha akalikunja, likamshinda. Nikashika upande wa pili. Nyuma yetu tezo likaanza tena kugonga.