Adhama Kutoka Dunguni

Kilichoninyima usingizi nilipoanza ualimu Ifakara, miaka ya tisini, ni swali moja: nitafundishaje adhama, ile hali ya kitu kikubwa mno kinachokutisha na kukuvuta kwa pamoja, nami sijawahi kutishika hivyo nje ya vitabu? Ninyi mnaoanza kazi sasa mtacheka. Mimi kila jambo niliona ni dalili ya kufukuzwa.

Siku ya kwanza niliwaeleza kidato cha tano adhama kwa mfano wa mlima wa theluji. Tekla, binti wa wakulima wa mpunga wa Lupiro, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huo mlima umeupanda?"

"Hapana."

"Umeuona?"

"Kwenye picha."

"Sasa picha ilikutishaje?"

Darasa likaangua kicheko.

Mkuu wa Shule akaniita. "Kijana, Alhamisi mkaguzi atakaa darasani mwako. Uko kwenye majaribio. Akiandika vibaya, huthibitishwi kazini. Fundisha ngeli. Ngeli haijawahi kumponza mtu."

"Shikamoo, Mkuu," nikajibu, ingawa nilikwisha kumwamkia.

Nikaandaa ngeli. Jumatano Tekla na rafiki yake wakanifuata nje ya ofisi ya walimu.

"Mwalimu, ile adhama nadhani naijua."

Akanisimulia msimu wa kulinda mpunga, familia nzima ikiishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo. Tembo walipita chini yao.

"Dungu lilitikisika. Nilitamani waondoke, na nilitamani wasiishe kupita."

"Muongo!" rafiki yake akadakia. "Si ulijikojolea?"

"Nilijikojolea. Na bado nilichungulia."

Nikaelewa nilichokiruka vitabuni: adhama huhitaji dungu, mahali salama pa kutazamia. Aliye chini mpungani haoni adhama, anakimbia. Hapo hofu ikanizidi, maana kesho yake, mbele ya mkaguzi, mimi ndiye ningekuwa chini.

Alhamisi mkaguzi aliketi nyuma, kalamu mkononi. Nikaandika ubaoni "Ngeli za Nomino". Nimestaafu, na bado asubuhi ile hunitisha nikiikumbuka. Nikageuka. Tekla alikuwa ameinama, ananakili ngeli kimya kimya, kama mtu ambaye hajawahi kuona tembo.

Nikachukua dasta, nikafuta ubao wote.

"Tekla," nikasema, "panda dunguni. Tuambie unaona nini."