Kila Saa Sita

Ndugu wasomaji, nitukaneni tu, nimejiandaa. Mjomba wangu alikatwa mguu, na mkataji halisi ni mimi, ingawa msumeno aliushika daktari.

Nilimaliza kidato cha nne enzi zile za vijiji vya ujamaa, na matokeo yangu yalikuwa ya kupendeza mno. Baiolojia nimeanguka, Hesabu nimeanguka, Kiingereza ndiyo usiseme. Lakini Siasa, hapo sasa! Siasa nilipasua. Hata ungeniamsha usingizini ningekueleza unyonyaji ni nini.

Basi mjomba, mwenyekiti wa chama kule Malolo, akadandia lori la vitunguu hadi Mikumi, akaunganisha mpaka Kilosa kuonana na wakubwa. "Huyu binti ni mjamaa wa kweli," akawaambia. "Taifa linataka wauguzi wenye moyo." Moyo ninao! Kichwa hawakukiulizia. Nikaingia chuo cha uuguzi kwa mlango wa uani, nikavaa sare nyeupe na kuringa kuliko hata waliofaulu.

Mwaka haujaisha, nikiwa mafunzoni kwenye hospitali moja ambayo siitaji, analetwa nani? Mjomba! Jembe lilimkata mguu kwenye shamba la kijiji, kidonda kikaoza. Kuniona tu akasahau maumivu. "Hakuna wa kunichoma sindano isipokuwa mwanangu huyu," akaitangazia wodi nzima. Sista mkuu wa wodi akacheka, akakubali. Akaniagiza, "Haya, penisilini, kila saa sita."

Wewe uliyesoma umeshaelewa. Mimi nilielewa kivyangu: kila siku, ikifika saa sita mchana. Basi jua likiwa utosini, mimi huyo na sindano yangu, sichelewi ng'o. Nidhamu ya kijamaa hiyo! Wenzangu wa zamu nyingine wakiuliza, nawajibu, "Mjomba niachieni, za kwake nazijua mwenyewe."

Nisidanganye, nilishuku. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliagiziwa vilevile, naye alichomwa asubuhi, mchana, jioni na usiku. Nikajiambia, huyu kazidiwa zaidi. Niulize? Nani, mimi? Si wangesema, "Ndio hao wa mlango wa uani"? Nikalimeza swali langu, na mguu wa mjomba ukazidi kuvimba.

Daktari akashangaa dawa haifanyi kazi. Akasema itabidi mguu ukatwe. Sista akanigeukia: "Sindano zake amepata zote? Zote nne kila siku?"

Nne! Jamani! Hapo ndipo nilipojua kuwa kila saa sita maana yake ni kila zinapopita saa sita. Ningesema kweli, labda wangempa dozi kamili kwanza, labda mguu ungepona. Nikasimama wima, mjamaa wa kweli, nikajibu, "Zote, Sista."

Wakaukata chini ya goti.

Nilihitimu, msiwe na wasiwasi! Taifa likapata muuguzi wake mwenye moyo. Mjomba akarudi Malolo na magongo. Yeye aliyekuwa anatangulia na jembe akabaki kukaa barazani, akiwasikia wenzake wakiimba njiani kwenda shambani. Nilimwonea uchungu hadi nikawa nakwepa kwenda nyumbani.

Siku nilipokwenda na sare yangu, akaita majirani. "Mnamwona huyu? Bila yeye hata huu wa pili ungekwenda!" Halafu akajikongoja kwenye magongo, akasimama mbele yangu, mimi mtoto wa dada yake.

"Shikamoo, muuguzi wangu."

Mzee mzima ananiamkia mimi! Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakanikodolea macho kungoja nijibu. Hapo ningeweza kupiga magoti na kusema yote. Na mimi, kwa mdomo huu huu, nikaitikia, "Marahaba, mjomba."

Tumeshamzika, naye hakujua kitu.

Wewe unayetafutiwa nafasi kwa mgongo wa mjomba au shangazi, haya, hongera, nenda. Lakini usichokijua kiulize, mwanangu, hata wodi nzima ikuangulie kicheko. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo mguu ungali mwilini. Kuchekwa kungeniuma siku moja tu. Marahaba ile mpaka leo haijanishuka kooni.